Mwanafunzi wa ushonaji asiogope kusema "nimeharibu"

Katika atelye nyingi za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nyawera, nguo haziharibiki kwa sababu mwanafunzi hajui kushona. Zinaharibika kwa sababu aliona kosa mapema, akaogopa, akanyamaza. Mkono wa blauzi uliokatwa vibaya asubuhi bado una dawa: kitambaa kimebaki na muda upo. Ukifichwa hadi mteja aje kuchukua nguo ya harusi, dawa hakuna tena.

Siku za mwanzo asiguse kikwembe (kitenge) cha mtu. Akae kwenye mashini ya mguu isiyo na uzi, akanyage tu. Gurudumu la mkono lizunguke kuelekea kwake. Likirudi nyuma, uzi hukatika au hujisokota chini, na hapo ndipo wengi hupigiwa kelele bila kuelezwa sababu. Mguu ukitulia, mpe karatasi zilizochorwa kwa rula: mistari minyoofu, kisha pembe, kisha duara. Atumie sindano kuukuu, maana karatasi huifanya butu. Ndipo aje kwenye mabaki ya vikwembe, kwa sindano namba 90 na mshono wa milimita 2.5.

Kila kosa lipewe sababu yake. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupitishwa vizuri. Mshono ukiruka, atazame sindano: imepinda, ni butu, au haikupandishwa hadi mwisho. Aliyefundishwa hivi huikagua mashini. Aliyezoea matusi hukagua uso wa fundi.

Kwenye kukata ndiko kuna hofu kubwa, na ina haki yake: kikwembe kizima ni yadi 6, na mama aliyekileta huenda alikidunduliza muda mrefu. Kwa hiyo mtu asikate peke yake, hata fundi mwenyewe. Mmoja asome vipimo daftarini, mwingine apime kwenye kitambaa. Kabla mkasi haujaingia, wote wawili waangalie kama maua yanaelekea juu, kama mikono si yote ya upande mmoja (kosa hili ni la kila mahali), na kama nafasi ya mshono imeachwa, sentimita 2 ubavuni na 1.5 mabegani. Fundi akikubali kukaguliwa, mwanafunzi haoni tena kwamba kukaguliwa ni kudharauliwa.

Usimsahihishe mbele ya mteja. Mteja akilalamika, jibu: "Mama, ni kazi ya atelye yetu, tutairekebisha." Akishaondoka, shikeni nguo pamoja. "Umeshona vibaya" haimfundishi kitu. Mwambie: "Kwapa linavuta kwa sababu hukukata vijipengo kwenye ukingo wa mshono." Afumue mwenyewe, nawe ukae naye mwanzoni. Kufumua kusigeuzwe kuwa adhabu.

Kumlipisha kitambaa ni kumfundisha kuficha. Afadhali kila nguo inayolipwa itoe fungu dogo liingie kwenye kopo, wote wakiona, la kununulia kitambaa kinachoharibika. Wapo mafundi wanaouita huo ulegevu. Hapana: anayerudia kosa lile lile arudi kwenye mabaki, aambiwe wazi ni mshono gani autengeneze vizuri ndipo arudishiwe kazi za wateja.

Na msiwaache vijana miezi na miezi wakipiga pasi na kuchota maji tu. Moyo unakufa. Mapema kabisa mpe kitu kizima cha kumaliza peke yake, mfuko, foronya, sketi ya mtoto, na jina lake liandikwe daftarini kando ya kazi hiyo.

Jambo la mwisho ni dirisha. Umeme hukatika mara kwa mara, na mafundi wenye uzoefu ndio hukimbilia penye mwanga. Igeuzeni desturi hiyo: kwenye kikwembe cheusi au cha buluu iliyoiva, anayeanza haoni mstari wa chaki akikaa gizani. Mashini ya dirishani iwe yake.