Soba si tambi za futari

Mwanangu mpenzi,

Barua yako kutoka Sapporo nimeisoma. Unaniuliza kwa nini kila upikapo soba, hizo tambi za Kijapani, zinashikamana zikawa bonge, na mchuzi wake unakuwa chumvi tupu, ilhali mgahawani hapo jirani hupati kasoro hiyo. Kosa la kwanza nalijua bila kuliona, kwa kuwa nililifanya mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi Nagoya: unazipika kama tambi za futari, kwa maji machache yanayokaukia sufuriani.

Unga wa soba hautokani na ngano, bali na mbegu za mmea mwingine kabisa, unaolimwa kwa wingi huko huko Hokkaido uliko, na watengenezaji huuongezea ngano kidogo ili tambi zisikatike. Anza na pakiti iitwayo nihachi, yenye sehemu nane za soba na mbili za ngano. Gramu 100 zipike katika lita moja ya maji yanayotokota, au zaidi, bila chumvi, kwa dakika nne au tano kama pakiti inavyoelekeza. Kisha zichuje na uzioshe kwa maji baridi, ukizisugua kwa viganja kama uoshavyo mchele, hadi ute wa wanga uishe. Nadhani hapo ndipo uliporuka.

Mchuzi una sufuria yake. Loweka gramu 10 za kombu katika lita moja ya maji kwa nusu saa, bandika kwenye moto mdogo, na uitoe kabla maji hayajachemka, la sivyo yatakuwa na ute na uchungu. Kombu ni mwani, ingawa si huu wa Paje tunaouanika na kuuuza nje. Ndani yake ndimo mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alimotambua, mwaka 1908, chanzo cha ladha aliyoiita umami, ambayo hufanya chakula kikolee hata kikiwa na chumvi kidogo. Wewe unachemsha maji matupu, halafu unayafidia kwa sosi ya soya, na vijiko viwili vya chakula vya sosi hiyo vina karibu gramu 5 za chumvi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Kwa bakuli lako tia kijiko kimoja, na sukari kidogo badala ya mirini, kiungo kitamu cha majimaji cha mchele, ambayo ina kilevi cha karibu asilimia 14. Mimi sikuambiwa na mtu.

Karoti, figili nyeupe na uyoga wa shiitake, vyote vikatwe vyembamba, viive ndani ya mchuzi. Spinachi ichemshe pembeni kwa nusu dakika na uikamue. Soba zirudishe mchuzini wakati wa kula tu. Midomo ikikuwasha, acha na umwone daktari haraka, maana soba huwadhuru vibaya baadhi ya watu.

Maji uliyozichemshia usiyamwage. Wajapani huyaita sobayu, na huyanywa yakiwa moto baada ya chakula. Baba yako mpaka leo anadhani namtania.

Mama yako