Haki ya jumuiya inaanzia kwenye daftari la rambirambi

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa mashariki mwa Afrika, walikutana Nairobi, wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ndizo ziwe kipaumbele cha kichungaji Afrika Mashariki. Tumaini ni Kanisa la majirani: kaya kumi, kumi na tano, watu wanaojuana mpaka majina ya watoto.

Jumuiya nyingi hufa kwenye rambirambi. Msiba wa mwenye gari unachangiwa ndani ya siku mbili. Wa mama muuza mchicha, "mfuko hauna kitu". Hakuna anayegombana. Watu wanaacha tu kuja, na katibu anaandika "udhuru" wiki baada ya wiki.

Someni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka watu saba wachaguliwe, na majina yote saba, Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kigiriki. Inaelekea wenye malalamiko ndio walioachiwa mgawo. Basi mchagueni mhazini kutoka upande unaonung'unika.

Kiwango kiandikwe kabla ya msiba. Kaya 15 zikitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 360,000. Misiba mitatu kwa 80,000 ni 240,000, na 120,000 zinabaki za wagonjwa na dharura. Kiwango ni kimoja kwa wote. Anayetaka kumwongezea rafiki yake ampe mkononi, nje ya daftari. Aliyekwama kweli, mwenyekiti na mhazini wamsamehe kimyakimya. Kusoma majina ya wadaiwa baada ya sala ya kufunga kumefukuza watu wengi kuliko umaskini wenyewe.

Daftari liwe na tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, salio, na sahihi mbili: ya mhazini na ya shahidi asiye ndugu yake. Hela ikikaa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, siku moja itakopwa kulipia ada, kwa nia njema kabisa. Ujumbe wa muamala unakiliwe siku ileile, salio lisomwe kila mwezi.

Ugomvi ukizuka, Mathayo 18 imeshapanga: kwanza ninyi wawili peke yenu, halafu mashahidi mmoja au wawili, halafu kanisa. Anayeanzia kwenye kundi la WhatsApp ameruka ngazi mbili, na kumrudisha aliyeaibishwa humo ni kazi ya miezi.

Tengeni pia fungu la majirani wasio wa jumuiya. Marehemu Mwislamu mara nyingi huzikwa siku hiyohiyo, kwa hiyo usingoje kikao: mwenyekiti awe na ruhusa ya kutoa 20,000 asubuhi, daftari lijazwe jioni.