Umeme wenu unaishia bafuni: barua kwa mwanangu

Kiborloni, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifika, nami nimeona nikujibu kwa barua kwa kuwa jambo lenyewe lina hesabu ndani yake. Umeuliza ni kwa nini umeme wa LUKU wa shilingi 20,000, huu wa kulipia kabla, unaisha ndani ya wiki mbili hapo Sakina, Arusha, ilhali mnazima taa kila mnapotoka chumbani na mmeacha hata kuchaji simu usiku. Jibu langu ni kwamba mnabana mahali ambapo umeme hauendi kwa wingi. Kifaa cha kutoa mwanga au sauti hula kidogo sana. Kifaa cha kutoa joto ndicho kinachomaliza uniti, na humo ndimo mnamopaswa kuangalia kwanza.

Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 10,000 hutoa uniti 28 hivi. Kwa hiyo 20,000 zenu ni uniti 56, na zikiisha kwa siku 14 ina maana mnatumia uniti nne kila siku. (Ukinunua mara ya kwanza katika mwezi utapata pungufu kidogo, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, zungumza na mwenye nyumba akurudishie, maana kodi hiyo ni yake.) Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa nzima. Taa ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti moja. Sasa itazame shawa ya umeme mliyoikuta bafuni na usome kibandiko chake. Kama ni ya wati 5,000, kama zilivyo nyingi, inamaliza uniti moja kwa dakika 12 tu. Wewe, mkeo na mdogo wako mkioga dakika kumi kila mmoja, uniti mbili na nusu zimekwenda kabla hamjanywa chai.

Siwaambii muoge maji baridi, kwa maana asubuhi za Julai hapo Arusha nazifahamu, jua likiwa limefichwa na mawingu hadi karibu adhuhuri. Ninachowashauri ni kurudi kwenye ndoo. Birika la umeme la lita 1.7 likichemka mara mbili, maji yake yakichanganywa na ya baridi, hutoa lita 12 hivi za maji ya uvuguvugu, nazo zinamtosha mtu mzima kuoga vizuri kwa takribani theluthi moja ya uniti. Watu watatu mtatumia uniti moja badala ya mbili na nusu, na kwa mwezi mtakuwa mmeokoa uniti 45, yaani zaidi ya shilingi 16,000. Hakuna taa ya kuzima itakayokupa fedha hiyo. Siku mtakapotaka kutumia shawa, angalia kama ina swichi ya ngazi mbili, uiweke kwenye ile ya chini.

Baada ya shawa, nenda kwenye friji, hasa kwa kuwa mlinunua iliyokwisha kutumika. Fungua mlango, weka karatasi kwenye ukingo, kisha ufunge na uivute polepole. Ikitoka bila kukamatwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku na mchana. Mpira hubadilishwa kwa fundi. Isogeze friji mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea, punguza namba ya ubaridi miezi hii, na mkeo asiweke humo chungu cha mchuzi kabla hakijapoa. Kuhusu pasi sina mengi: pigeni nguo za wiki nzima kwa mara moja.

Jikoni ndiko ninakotaka unisikilize zaidi, maana gesi nayo ni fedha. Moto wa gesi unapaswa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na kutia masizi kwenye sufuria, matundu ya jiko yameziba na yanahitaji kusafishwa. Maharage ya kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, loweka tangu usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, yachemshe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa nzima, kisha ufunike sufuria kwa mfuniko unaobana na uizamishe ndani ya kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba, ukiizungushia blanketi kuukuu pande zote na juu. Usilifungue. Saa nne baadaye utakuta maharage yameiva au yamebakiza kidogo sana, na sufuria bado inachoma mkono, bila gesi yoyote kutumika katika saa hizo. Majani nitakutumia gunia moja kutoka kihambani. Mkipata fedha ya kununua sufuria ya presha ya umeme, inunueni bila kusita. Ni kifaa cha joto, ndiyo, lakini kwa kuwa hubana mvuke na kujizima chenyewe, hupika maharage kwa umeme usiofika uniti moja.

Matumizi yenu yakishuka hivyo, mtakaribia uniti 75 kwa mwezi. TANESCO wana kundi la matumizi madogo ya nyumbani, yasiyozidi wastani huo, ambalo bei ya uniti ni nafuu kuliko ya kundi la kawaida. Mkikaa chini ya kiwango hicho kwa miezi kadhaa mfululizo, nenda na mwenye nyumba ofisini kwao mkaulize kama mita yenu inaweza kuhamishwa.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja. Usiku huu zima na uchomoe kila kitu, friji pia, kisha utazame taa ndogo nyekundu ya mita, ile inayomweka kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kumweka, kuna waya unaovuja au mtu mwingine ameunganishwa kwenye mita yenu. Muite fundi mwenye leseni, wala usiguse waya mwenyewe. Ikitulia, soma namba ya uniti zilizobaki Jumapili hii asubuhi na Jumapili ijayo saa ile ile, unitumie zote mbili.

Nisalimie mkeo na mdogo wako.

Mama yako