Kidole kimeteleza, Wi-Fi imekufa

SWALI: Jamani nisaidieni, hii laptop inanitoa roho. Nataka kuongeza sauti kidogo tu, kidole kinateleza kwenye kile kitufe chenye alama ya ndege, mara intaneti imekata, mausi ya bluetooth nayo kimya, halafu mi huyo nakimbilia kuzima na kuwasha ruta kumbe haina kosa. Siwezi kukiua hiki kitufe?

JIBU: Pole, wala usijilaumu, aliyekiweka jirani na sauti ndo wa kulaumiwa. Hiyo ni hali ya ndege, inazima mawasiliano yote yasiyo na waya kwa mpigo, ndo maana mausi nayo ilizimika. Kuirudisha bonyeza kilekile tena, ikigoma kibonyeze huku umeshika kitufe cha Fn, au kama unatumia Windows 10 au 11 bonyeza Windows na A, utaona alama ya ndege, izime. Isijirudie, jaribu Fn na Esc pamoja, laptop nyingi hapo mstari wa juu unabaki F1 mpaka F12 za kawaida na zile alama zinafanya kazi ukishika Fn tu (ila hata sauti itadai Fn, ndo hivyo). Ikikataa, mpangilio huo mara nyingi upo ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya laptop, inafunguliwa kabla Windows haijawaka). Ruta iache ipumzike.