Jibu: Dirisha la Pujari Math linashikwaje ukutani bila misumari?

Habari mkuu. Umechora fremu sawasawa na tundu la ukuta wa Pujari Math, monasteri ya Kihindu pale Bhaktapur, Nepali, halafu huoni kinachoizuia isidondoke.

Anza na vizingiti. Kwa mafundi wa Kinewar, wenyeji wa Bonde la Kathmandu, kizingiti cha juu na cha chini hupitiliza miimo (mbao za wima za pembeni), ncha zake zikazikwa ndani ya matofali pande zote mbili. Uzito wa ukuta ndio unaozibana. Fremu zenyewe ni mbili, ya nje yenye nakshi na ya ndani isiyo na mapambo mengi, kwa hiyo dirisha hujengwa pamoja na ukuta, halipachikwi baadaye. Hata kwenye kimia, ule wavu wa vijiti vya mbao, usichore gundi: vijiti hukatwa mapengo yakashikana yenyewe.

Lile dirisha lenye nakshi ya tausi usilitafute upande wa uwanja wa Dattatreya (wengi hupotea hapo). Liko ukuta wa mashariki, kichochoroni, na nafasi ya kurudi nyuma upige picha ni finyu. Halafu jengo lilikarabatiwa kwa msaada wa Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usihesabu kila ubao kuwa wa kale.