Dereva wa bendi alale kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama bendi zetu za dansi zirudi kuzunguka mikoani kwa basi kama zamani. Nilipiga besi miaka tisa katika bendi ya shirika la umma. Zirudi, tena haraka, kwa sababu watu wa Nachingwea na Kahama nao wana haki ya kuliona gita la solo likipigwa mbele ya macho yao. Lakini nina sharti moja, nalo ni la dereva.

Ziara zetu zilifuata mavuno. Pamba ikishanunuliwa tunakwenda Shinyanga na Mwanza, korosho zikiuzwa tunashuka Lindi na Mtwara. Kusini kulitutesa kweli. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, sisi tulikuwa watu wa kivuko cha Ndundu, na Rufiji ikifurika hakuna safari. Basi lenyewe lilikuwa limeng'olewa viti vya nyuma ili spika, tumba na jenereta vipate nafasi, kwa hiyo tulilala tumekaa, tukinusa dizeli mpaka kwenye nguo za jukwaani.

Usiku ndio tuliosafiri. Dansi linakwisha saa nane, tunafungua vyombo, tunapakia, tunaondoka. Vyumba vya gesti kwa watu zaidi ya 20 vingemeza kiingilio chote, ndiyo hesabu ya meneja. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, basi kazi yangu ya pili ilikuwa kukaa karibu na injini nimpigishe dereva soga asisinzie. Tulimwita Mzee. Nilijifunza kumsikiliza kama ninavyosikiliza ngoma: akihadithia, yuko macho, akianza kujibu "eeh" tu, namwomba asimame anawe uso.

Julai 1988 tulitoka Njombe kwenda Iringa. Baridi kali, ukungu. Tulipoingia msitu wa Sao Hill nikapitiwa na usingizi mimi mwenyewe. Niliamshwa na kelele za changarawe: tairi za kushoto zimeacha lami na misonobari inatujia kiooni. Mzee akashika breki, tukasimama tumeinama ukingoni. Hakuna aliyeumia. Alishuka, akakaa chini kwenye majani yenye umande, akaniambia, "Mwanangu, nimeendesha siku tatu. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala."

Ni kweli. Tukiwa jukwaani yeye alikuwa mlangoni akilinda basi, au akisaidia kukata tiketi. Sote tulilala njiani, yeye peke yake hakuwa na pa kulala.

Jioni ile Iringa tulipiga kama kawaida, na ukumbi ulijaa. Lakini kabla ya kupanda jukwaani wanamuziki tulimkabili meneja: Mzee apewe chumba na chakula cha moto mara tukishateremsha vyombo, na basi lisitoke kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Alilalamika juu ya gharama. Chumba kimoja! Mwishowe akakubali, nasi tukawa tunajilaza ukumbini juu ya makoti yetu mpaka kupambazuke.

Machi 2011 niliposikia kwamba wasanii 13 wa Five Stars Modern Taarab wamekufa kwa ajali ya usiku Mikumi, wakirudi kutoka ziara ya Mbeya, nilikaa na redio mapajani nikashindwa kuizima. Sisemi nani alikosea. Nasema barabara ile naijua saa zile.

Kwa hiyo mapromota mnaopanga ziara leo, andikeni chumba cha dereva kabla ya fedha za mabango. Mzee wetu alituendesha miaka mitano zaidi, na kwa kuwa kila usiku alikuwa amelala gesti, nyimbo zetu mpya alizisikia redioni tu. Alipostaafu alituomba tumpigie moja. Tulimpigia saa sita mchana, uani kwake, bila vipaza sauti.