Ukitaka kuonja opereta, anza na maharamia wa Penzance

Wengi niliowashawishi wasikilize The Pirates of Penzance, opereta (mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, wenye vichekesho) ya Waingereza Gilbert, mtunzi wa maneno, na Sullivan, mtunzi wa muziki, waliishia njiani kwa sababu walikimbilia wimbo maarufu zaidi, ule ambao Meja Jenerali Stanley anajigamba kwa usomi wake, mbio mbio kama dalali mnadani. Kama Kiingereza chako ni cha darasani kama changu, hutaambulia kitu. Uweke kando kwanza.

Fungua sehemu ya pili, wimbo wa "With Cat-Like Tread". Maharamia wanainyemelea nyumba ya jenerali usiku. Maneno yanadai wananyata kama paka, wala hakuna awasikiaye. Muziki je? Vishindo! Okestra inapasua na wanaume wanaimba kwa mapafu yote. Hapo kichekesho kimo kwenye sauti, na ndicho unachopaswa kukitafuta katika kazi nzima: maneno yanasema hili, muziki unafanya lile.

Halafu rudi sehemu ya kwanza, "How Beautifully Blue the Sky". Frederic, kijana wa maharamia, na Mabel, binti wa jenerali, wameanza kupendana, na dada zake Mabel wanajifanya hawaoni, wanapiga soga za hali ya hewa. Wapenzi wanaimba mapigo matatu, akina dada mawili, na vyote vinakwenda kwa pamoja bila kugongana. Aliyewahi kuimba kwaya anajua ugumu wake. Sikiliza mara moja ukiwafuata akina dada tu, kisha rudia ukiwafuata wapenzi.

Hadithi isome kabla, ni fupi na ya kipuuzi kwa makusudi. Frederic amefungwa na mkataba wa uanagenzi kwa maharamia hadi sikukuu yake ya kuzaliwa ya 21. Kumbe alizaliwa Februari 29, siku inayokuja mwaka mrefu tu, kwa hiyo atakuwa huru mwaka 1940! Naye, kwa kuheshimu wajibu, anakubali. Maharamia wenyewe ni yatima na hawawagusi yatima wenzao. Siri imevuja, sasa kila meli wanayoiteka imejaa yatima watupu.

(Uharamia ulikuwepo hata nje ya jukwaa. Kazi ya Gilbert na Sullivan iliyotangulia, H.M.S. Pinafore, ilichezwa ovyo Marekani bila wao kulipwa, ndiyo maana hii waliizindua New York, Desemba 31, 1879.)

Arthur Sullivan si mgeni kwako kama unasali. Tuni ya "Twendeni Askari" ni yake, ya mwaka 1871. Ukiwa nayo kichwani, wasikilize polisi wa sehemu ya pili wakijipa moyo kwa "tarantara", mlio wa tarumbeta, huku wakitetemeka: fundi yuleyule wa nyimbo za gwaride, safari hii analicheka gwaride.

"Poor Wandering One" ya Mabel nisingeiweka mwanzoni, labda kama tayari unapenda sauti ya kwanza inayopanda hadi darini.